Kisakinishi kisichogusa diski mpaka kiruhusiwe: shajara ya mradi

Machi, mwanzoni

Mfumo wa uendeshaji wenyewe umeshasimama: kerneli (kiini) ya Linux, BusyBox (amri za msingi zilizokusanywa ndani ya programu moja), vifurushi vichache na skripti za kuwasha huduma. Kinachokosekana ni njia ya kuutoa kwenye kijiti cha USB na kuuweka kwenye diski bila kumlazimisha mtu akariri amri. Kwa sasa anayeutaka hufuata maelekezo ya ukurasa mzima, na akiruka amri moja tu mashine haiwaki.

Kisakinishi kitakuwa cha maandishi. Si kwa sababu ya kupenda mambo ya kale. Seva nyingi hazina skrini. Unazungumza nazo kupitia mlango wa siriali, yaani waya unaopitisha maandishi biti moja baada ya nyingine. Kisakinishi cha picha kinataka viendeshi vya kadi ya picha, fonti na kumbukumbu ambayo mashine ndogo hazina. Halafu wapo watumiaji wasioona, ambao kisoma-skrini chao kinaelewana vizuri zaidi na mstari mmoja wa maandishi kuliko na dirisha lililojaa vitufe.

Kabla ya kuandika chochote nimewapitia waliotangulia, mifumo mingine ya Linux na BSD. Slackware, iliyotoka 1993, bado inategemea skripti za sheli (programu inayopokea amri) na visanduku vya dialog, programu ya kuchora maswali kwa herufi. OpenBSD haichori kisanduku hata kimoja: inauliza, inaweka jibu inalopendekeza ndani ya mabano ya mraba, nawe unabonyeza Enter. FreeBSD iliibeba sysinstall, kisakinishi chake cha zamani, miaka mingi hadi toleo la 9.0, mwaka 2012, lilipoleta bsdinstall. Arch ilikiondoa kisakinishi chake mwaka huohuo wa 2012, watu wakabaki kuandika amri kwa mkono hadi archinstall ilipotiwa kwenye kijiti chao cha usakinishaji mwaka 2021.

Iliyonifikirisha zaidi ni Debian. Kwenye debian-installer, iliyotoka na toleo la Sarge mwaka 2005, swali ni kitu kimoja na namna ya kulionyesha ni kitu kingine. Swali lilelile laweza kutokea kwenye kisanduku cha rangi, kwenye mstari mtupu, au lisitokee kabisa kwa kuwa jibu lake liliandikwa mapema kwenye faili. Wazo hilo nalichukua, na naongeza sharti langu: kisakinishi hakiandiki hata baiti moja kwenye diski kabla mtumiaji hajaona ukurasa mmoja wenye kila kitakachofanyika, akakubali. Visakinishi vinavyogawa diski kwenye swali la nne, kisha vikauliza saa za eneo kwenye swali la saba, vinamweka mtu pabaya. Akighairi katikati, ameshapoteza.

Machi, katikati

Sharti hilo limezaa programu tatu badala ya moja.

Ya kwanza ni kipelelezi. Inaendeshwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, inafungua diski kwa kusoma tu, na inaandika faili la taarifa: diski zilizopo, ukubwa wake, kilichomo ndani, kama mashine imewaka kwa UEFI au BIOS (famiwea mpya na ya zamani, yaani programu ya kuwashia iliyomo ndani ya mashine), kadi za mtandao zilizopo.

Ya pili ni kiulizaji, yaani kile mtu anachokiona. Kinasoma taarifa za kipelelezi, kinauliza, kinaandika faili la mpango. Kinaendeshwa na mtumiaji wa kawaida asiye na ruhusa yoyote kwenye /dev, saraka ya vifaa vya mashine. Hata kikiwa na hitilafu, hakina mkono wa kufikia diski.

Ya tatu ni mtekelezaji: root tena, inasoma mpango na kuufanya, haiulizi chochote.

Nimeongeza kufuli juu ya kufuli. Kipelelezi kikimaliza, kila diski inawekwa alama ya kusomwa tu kwa `blockdev --setro`, na mtekelezaji ndiye peke yake anayeiondoa, tena kwa diski iliyotajwa kwenye mpango tu. Pengine nimezidisha uangalifu. Lakini data iliyofutwa ni maji yaliyomwagika, na gharama ya kufuli hili ni mistari miwili ya sheli.

Mpango wenyewe ni maandishi ya kawaida, mstari mmoja kwa jibu moja:

kibodi=us
diski.modeli=QEMU HARDDISK
diski.namba=QM00001
hali=uefi
jedwali=gpt
mfumo_wa_mafaili=ext4
mtumiaji.jina=fundi

Diski inatambuliwa kwa modeli na namba yake ya kiwandani, si kwa /dev/sda. Herufi hizo hutolewa kwa kufuata mpangilio ambao kerneli imekutana na diski, na kijiti cha USB chaweza kuwa sda leo na sdb kesho. Mtekelezaji akikuta namba haipo, au ipo mara mbili, anasimama hapohapo.

Lugha: sheli inayofuata kiwango cha POSIX, ile iliyomo tayari ndani ya BusyBox. Kuleta Python ndani ya initramfs, mfumo mdogo wa kuwashia unaokaa kwenye kumbukumbu, kwa ajili ya kuuliza maswali kumi na kitu sioni sababu.

Machi, mwishoni

Kurudi nyuma. Hili ndilo linalovuruga visakinishi vingi, na faili la mpango limelirahisisha: kurudi ni kulionyesha tena swali lililotangulia pamoja na jibu lililoandikwa.

Ugumu uko kwenye majibu yanayotegemeana. Mtu akichagua diski ya kwanza, akagawa, akarudi na kuchagua ya pili, ule mgawanyo hauna maana tena, ilhali jina lake na kibodi yake havijaguswa. Kwa hiyo kila swali sasa linatangaza linategemea lipi. Jibu likibadilika, yote yanayolitegemea yanafutwa kwenye mpango na kuulizwa upya, mengine yanabaki. Orodha ya utegemezi ni fupi kuliko nilivyotarajia: karibu kila kitu kinategemea diski, na nenosiri linategemea kibodi.

La kibodi linastahili maelezo. Mtu mwenye kibodi ya Kifaransa akiweka nenosiri huku mfumo ukidhani ni ya Kimarekani, anapobonyeza A inaandikwa Q, na haoni kitu kwa sababu nenosiri halionyeshwi. Baada ya kuwasha upya, mpangilio sahihi unaanza kazi na nenosiri linakataliwa. Ndiyo maana kibodi ni swali la kwanza, likifuatwa na mstari wa kujaribia ambao herufi zake zinaonekana.

Aprili, mwanzoni

Ukurasa wa diski. Nimekaa hapa kuliko popote, na sijuti.

Orodha inaonyesha modeli, ukubwa, namba, na kilichomo. Ukubwa naandika kwa GB za kumi (baiti bilioni moja), si GiB (baiti 1024 × 1024 × 1024): diski iliyoandikwa 500 GB kwenye lebo ikionyeshwa kama 465, mtu anadhani anaangalia diski nyingine. Kijiti ambacho kisakinishi chenyewe kimewakia hakimo kwenye orodha. Kuna wanaotaka kionekane kwa rangi ya kijivu; nimekataa, kisichochagulika hakina haja ya kuwepo.

Safu ya "kilichomo" ndiyo yenye thamani. "Patisheni 3", yaani vipande 3 vya diski, haimwambii mtu kitu. "Windows, patisheni 3, GB 412 zimetumika" inamshtua, na tunataka ashtuke sasa, si baadaye. Kipelelezi kinapata hayo kwa kusoma alama za mifumo ya mafaili, na pale inapowezekana kwa kupachika patisheni (kuyafungua mafaili yake) kwa kusoma tu. Hapo pana mtego: ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, ikipachikwa kwa `ro` peke yake bado hulirudia jarida lake (kumbukumbu ya mabadiliko ambayo hayajakamilika) na hivyo kuandika kwenye diski. Lazima iongezwe `noload`. Kwa kanuni ya mradi huu, kupachika bila noload ni kuvunja sheria.

Mgawanyo wa kawaida: jedwali la GPT (orodha ya patisheni inayokaa kwenye diski), patisheni ya MiB 1 kwa ajili ya GRUB (kiwashio cha mfumo) ya BIOS, patisheni ya EFI ya MiB 512 yenye FAT32, na inayobaki kwa mfumo. Zote mbili za mwanzo zinawekwa hata kama mashine imewaka kwa UEFI, ili diski ikihamishiwa mashine ya zamani pasihitajike kugawa upya. Patisheni ya kwanza inaanzia MiB 1, yaani sekta ya 2048 kwenye sekta za baiti 512. Hapo hata diski zenye sekta halisi za baiti 4096 zinakaa sawa. MBR, jedwali la zamani, nimeiacha nje kabisa: inaishia TiB 2 kwa sekta za baiti 512 na nafasi nne, na mashine za BIOS tunazozilenga zinawaka na GPT bila tatizo.

Kusafisha diski ya zamani kumekuwa na mengi kuliko kuigawa. Kuandika sifuri mwanzoni hakutoshi, kwa kuwa GPT huweka nakala yake mwishoni: jedwali la nafasi 128 za baiti 128, ambalo ni sekta 32, pamoja na kichwa chake cha sekta moja. RAID ya Linux (diski kadhaa zinazotumika kama moja) yenye metadata ya 0.90 au 1.0 nayo hukaa mwishoni. Ukiiacha, kuna siku mfumo utawaka na kuidai diski kuwa ni kipande cha RAID isiyokuwepo. Mtekelezaji anaanza na patisheni zote za zamani, anaziondolea alama kwa wipefs, ndipo anaifuata diski nzima.

Kisha kungoja. Ukishaandika jedwali jipya, kerneli inatakiwa kulisoma upya, na majina ya patisheni hutokea kwenye /dev baada ya kitambo. Skripti isiyongoja hufaulu kwenye mashine moja na kufeli kwenye nyingine yenye kasi zaidi. Naangalia jina lenyewe kama lipo, kwa kikomo cha muda, badala ya kulala sekunde mbili na kuomba heri. Na majina hayana kanuni moja: sda1, lakini nvme0n1p1, yenye p katikati. Jina nalisoma kwenye /sys, ambako kerneli huorodhesha vifaa, badala ya kuliunganisha mwenyewe.

Aprili, katikati

dialog inafanya kazi. Jambo moja la kukumbuka: inachora kwenye pato la kawaida na kutoa jibu kwenye pato la hitilafu, hivyo lazima uyabadilishane. Inarudisha 0 kwa ndiyo, 1 kwa ghairi, 255 kwa Esc. Nimelifungia lote ndani ya kitendaji kimoja na sitaki kuliona tena.

Aprili, mwishoni

Siriali, na hapa ndipo skrini nzuri hupatikana na hatia.

Kwa kasi ya 9600, kila herufi inachukua biti 10 pamoja na ile ya kuanzia na ya kumalizia, kwa hiyo herufi 960 kwa sekunde. Skrini ya 80 kwa 24 ni herufi 1920. Sekunde mbili nzima kuchora ukurasa! Kwa 115200 ni kama sehemu ya sita ya sekunde, na hapo mtu hahisi. ncurses, maktaba ambayo dialog huitumia kuchora, inasaidia kwa kutuma kilichobadilika tu, ila skripti inayofunga dialog na kuifungua upya kwa kila swali inaupoteza msaada huo wote.

Ukubwa wa skrini haujulikani. Laini ya siriali haina namna ya kuutangaza, na `stty size` inajibu sifuri mbili. Njia iliyopo ni kukipeleka kielekezi mbali kupita kiasi, kisha kuiuliza terminali kiko wapi. BusyBox ina amri ya resize inayofanya hivyohivyo. Terminali isipojibu, tunachukulia 80 kwa 24, kipimo cha VT100 ya mwaka 1978. Si 25, kama ilivyo kwenye skrini ya VGA. Ukurasa uliobuniwa kwa mistari 25 unameza mstari wake wa mwisho kwenye siriali, na mstari wa mwisho ndiko vitufe viliko.

Esc nayo. Vitufe vya mishale hutumwa kama Esc ikifuatwa na herufi nyingine, hivyo ncurses ikipokea Esc inangoja kuona kama kuna kinachofuata. Kawaida hungoja milisekunde 1000. Mtu anabonyeza Esc, hakuna kinachotokea, anabonyeza tena, na anajikuta amerudi kurasa mbili. Nimeweka ESCDELAY kuwa 100. Kwenye laini ya polepole sana mshale unaweza kukatika katikati, lakini huko watu watakuwa kwenye modi ya mistari.

Rangi hazibebi maana yoyote peke yake. Onyo jekundu linaandikwa pia neno ONYO. Ujumbe wa kerneli umenyamazishwa kwa `dmesg -n 1`, la sivyo kuchomeka kijiti kunamwaga maandishi katikati ya kisanduku.

Mei

Modi ya mistari niliipanga iwe ya akiba. Sasa naiona kuwa ndiyo kisakinishi chenyewe, na visanduku ni pambo.

Diski ya kusakinishia (? maelezo, < kurudi, ! sheli) [1]:

Inafanya kazi kwenye terminali yoyote, kwa kasi yoyote, na kisoma-skrini kinaisoma ilivyo. Historia ya maswali yote inabaki juu ya skrini, hivyo mtu anaona alichojibu bila kurudi. Ukiirekodi kwenye faili unapata shajara inayosomeka. Alama ya mshangao ya kufungulia sheli nimeiazima OpenBSD. Kwa kuwa kiulizaji hakina mamlaka ya kumpa mtu sheli ya root, kinatoka na msimbo maalumu, programu iliyokiwasha inafungua sheli, na mtu akimaliza kiulizaji kinaanza upya kwenye swali lilelile. Mpango upo kwenye faili, hakuna kilichopotea. Mlango wa siriali hauna konsoli ya pili ya kuhamia kwa Alt+F2, kwa hiyo bila njia hii mtu hana pa kwenda.

Ukurasa wa kukubali. Hauna kitufe cha "Sawa". Unaorodhesha kitakachofutwa, kitakachoundwa na kitakachowekwa, kisha unamtaka mtu aandike herufi nne za mwisho za namba ya diski. Diski pepe nyingi hazina namba. Hapo anaandika ukubwa. Kuandika "ndiyo" mikono inazoea. Herufi nne za diski zinamlazimu mtu atazame ni diski ipi.

Mwishoni mpango unanakiliwa kwenye mfumo mpya, ndani ya /root. Anaconda, kisakinishi cha Red Hat, hufanya vivyo hivyo kwa kuacha anaconda-ks.cfg. Nenosiri limo kama heshi (muhtasari usioweza kurudishwa kuwa nenosiri lenyewe) ya SHA-512, ile inayoanza na $6$, na faili linasomwa na root peke yake. Mwenye kusakinisha mashine nyingine analichukua faili hilo, anabadili diski na jina la mashine, anampa mtekelezaji moja kwa moja. Usakinishaji wa kujiendesha umepatikana bila kuandikiwa hata mstari mmoja.

Mei, mwishoni

Mstari wa maendeleo. Kwenye kijiti cha polepole ulifika asilimia 100 kisha mashine ikakaa kimya dakika kadhaa. Sababu ni kwamba kerneli hupokea data kwenye kumbukumbu na kuiandika baadaye. Tar, inayofungua mafaili ya mfumo, ilikuwa imemaliza, diski bado. Wengine hubandika "inamalizia…" na kumwacha mtu akodoe macho. Nimeshusha vm.dirty_bytes, kikomo cha data inayongoja kwenye kumbukumbu, hadi MiB 16 wakati wa usakinishaji, ili anayeandika azuiwe mpaka diski imfikie. Jumla ya muda haikubadilika sana. Asilimia sasa zinasema kweli.

Kuwasha mfumo. Uwepo wa /sys/firmware/efi unaeleza kuwa mashine imewaka kwa UEFI, na fw_platform_size iliyo humo inaeleza kama famiwea ni ya biti 64 au 32. Zipo mashine zenye prosesa ya biti 64 na famiwea ya biti 32, na hizo zinataka BOOTIA32.EFI. Baadhi ya famiwea husahau maingizo ya NVRAM (kumbukumbu ya famiwea), hivyo GRUB inawekwa pia kwenye njia ya akiba, /EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Isipokuwa kama patisheni ya EFI ilikuwepo tayari na njia hiyo ina mwenyewe. Hapo haiguswi, na ukurasa wa kukubali unalisema hilo wazi.

Juni

Majaribio yote yako kwenye QEMU, programu ya kuiga mashine, kwa siriali, mara moja na famiwea ya BIOS na mara moja na OVMF kwa ajili ya UEFI. Expect ndiyo inayojibu maswali.

Jaribio ninalolipenda ni hili: chukua sha256 (heshi inayobadilika data ikibadilika) ya picha ya diski, pitia maswali yote, rudi nyuma, badili diski, fungua sheli, fika hadi ukurasa wa kukubali, kisha zima mashine. Chukua sha256 tena. Lazima zifanane. Linaendeshwa kwa kila badiliko la msimbo, kwenye diski tupu, diski yenye ext4 iliyozimwa ghafla, na diski yenye kipande cha RAID. Hiyo ya pili ndiyo inayolinda noload: ukiliondoa neno hilo, heshi zinatofautiana.

La pili linamuua QEMU kwa `kill -9` katikati ya kila hatua ya mtekelezaji, kisha linaanzisha usakinishaji upya kwa mpango uleule. Kila hatua inatakiwa ikubali kukuta kazi nusu. Zote zimepita isipokuwa kuunda mtumiaji, iliyokuwa inakataa jina lililokwishakuwepo. Sasa inaangalia kwanza.

Kilichobaki ni usimbaji wa diski. LUKS2, mfumo wa usimbaji wa diski kwenye Linux, hutumia Argon2id kuligeuza nenosiri kuwa ufunguo, na cryptsetup, amri inayouendesha, huchagua kiasi cha kumbukumbu kwa kupima mashine iliyopo, hadi GiB 1 lakini isizidi nusu ya RAM. Diski iliyosakinishwa kwenye mashine kubwa ikihamishiwa ndogo inaweza kushindwa kufunguka kwa kukosa kumbukumbu. Naelekea kuweka kikomo cha MiB 256 na kukiandika kwenye mpango, mahali mtu anaweza kukiona na kukibadili. Swali lenyewe litategemea diski, na litakuja baada ya kibodi.